Clignotant ya Germain

Germain alizaliwa ku Likasi, mu camp ya Panda, akakomelea mu camp ya Panda, na atafia mule mule, mu nyumba yenye mulango haifunge muzuri tangu wakati ya pillage, basoda baliiba mu kila nyumba. Baba yake alitumikia Kampani, ile ya kuchimba shaba. Yeye alitumikia Kampani. Siku yenye mutoto yake mwanaume alisema na yeye anataka kutumikia Kampani, Marceline, bibi ya Germain, alimupiga kofi, kisha akamupatia bukari ale, juu huruma ilimupata.

Lakini usiwaze Germain alikuwa muntu bure. Alikuwa électricien ku atelier kubwa, fasi ponti ilikuwa inatambula. Mwenye hajue ponti, asikilize: ni mashini ya kutambula hewani, juu ya vichwa vya bantu, inabeba machuma yenye batu kumi habaweze hata kutikisa, inabeba polepole sawa mama mwenye mutoto ku mugongo. Kule juu, mu kajumba ka vioo, kunaikala pontier, njo yeye anaiendesha. Na kelele ya atelier, ata ukiita mama yako hatasikia. Njo maana muntu ya chini alikuwa anamusemesha pontier na mataa. Taa ya huku, peleka chuma huku. Taa ya kule, peleka kule.

Zamani ile mataa ilifungwa mubaya. Muntu ya chini akibonyeza kushoto, taa inawaka ku kushoto yake mwenyewe. Na pontier alikuwa anamuangalia uso kwa uso. Kushoto ya mwenye kukuangalia haiko kushoto yako, ata mutoto ya kunyonya anajua. Siku moja chuma ikaenda fasi yenye hakuna mwenye aliituma, ikamukuta Parfait, muntu ya Kambove, anakula mukate. Hakumaliza mukate.

Bakubwa bakakutana, bakaongea kifalansa kirefu, bakafuta jasho. Germain alikuwa kijana. Akanyosha kidole sawa mu masomo, akasema maneno yenye alirudilia maisha yake yote, ku meza, ku baptême, ata ku matanga ya batu bengine: «Taa haiko ya mwenye kuonyesha. Taa ni ya mwenye kuangalia.»

Akavusha ma-fil, zile kamba za courant, za umeme: ya huku akaifunga kule, ya kule huku. Kushoto ikakuwa kushoto ya pontier. Tangu ile siku ponti haikuua tena muntu. Shefu akamushika mukono mbele ya bote, akamupatia saa ya mukono. Ile saa iliisha kuenda ku soko kitambo, juu ya dawa ya mutoto. Sifa njo ilibakia, na sifa hailiwake, haiuzishwe, inakuikalia tu mu kichwa.

Kisha bintu ikaanza kuvunjika. Kwanza pillage. Kisha ile mwaka bale ba Kasai balifukuzwa, bakapakiwa mu train, atelier ikabakia sawa kinywa ya muzee, jino moja huku, jino moja kule. Kisha mushahara ikachelewa, ikachelewa tena, mwisho ikasahau njia. Sirène ya asubui, ya kuita batu ku kazi, ikanyamaza. Banaume ba Panda bakaendelea kuamuka ile saa ile, banavaa salopette ya kazi, banaikala pa mulango. Banangojea nini? Bakiulizwa, banakuangalia sawa weye njo mupumbafu. Na Germain njo alikuwa anaamuka wa kwanza.

Siku moja shefu mumoja, mwenye na yeye alikuwa anatembea na viatu ya kupasuka, ya kufungwa na kamba, akamuambia: «Germain, makuta ya kukulipa hakuna. Chukua ile tukutuku.»

Ilikuwa pikipiki ya mapine mbili, ya muntu ya kusoma ma-compteur ya courant, muzee sawa deni ya babu. Siège ya kuikalia ilipasuka, mataa ya pembeni ilivunjika yote, kulibakia paka mashimo tu. Lakini moteri ilikuwa inalia. Germain akaisukuma mpaka ku nyumba. Marceline akaizunguka mara moja, akasema: «Bon. Hii njo itapika.»

Na kweli ilipika. Marceline alikuwa mwanamuke ya Kapolowe, bandugu yake balikuwa kule, banalima mahindi. Mbele, alikuwa anaenda na kupanda camion ya batu, anarudia ametapika, mufuko moja imeibiwa. Sasa, kila wiki, Germain anaendesha, yeye anaikala nyuma. Banaenda na sabuni na chumvi, banarudia na mifuko mbili ya mahindi, banapitia ku moulin pa kuingia Likasi, banasaga, na Marceline anauzisha bunga mu camp, anapima na kikombe cha plastiki, gobelet kwa gobelet. Batoto bakala. Haikuwa utajiri. Ilikuwa chungu moja ku siku, na kama tukutuku inalala, chungu nayo inalala. Hakuna kingine kilikuwa mu ile nyumba.

Njo ba roulage, polisi ya njia, bakaweka barrière ya kusimamisha motokari ku njia ya Kapolowe.

Gendarme alikuwa kijana, macho mekundu, kofia kubwa kupita kichwa. Akanyosha mukono. Germain akasimama.

«Mama, shuka.»

«Nishuke juu ya nini, chef?»

«Tukutuku haina clignotant.»

«Njo kitu gani ile?»

«Taa ya pembeni, mama. Ya kuonyesha unakata kona wapi.»

«Tangu nazaliwa,» Marceline akasema, «muntu mwenye kukata kona ananyosha mukono.»

«Ile ni ya ba kinga, ya kukanyaga na miguu. Tukutuku ni engin, iko na moteri. Sheria iko sheria.»

Germain alitaka kusema «pardon, chef» na kumaliza maneno. Muntu mwenye akili hapo ananyamaza. Lakini Marceline alisha kuangalia nyuma ya gendarme, kwenye jeep yabo ilisimama mu majani.

«Chef, na ile jeep yenu? Naona haina ata mulango. Clignotant yake muliifichaka wapi, mu mufuko?»

Batu benye balikuwa mu mustari bakacheka. Mumoja alicheka mpaka akakohoa. Na hapo njo Marceline alikosa. Gendarme anaweza kusamehe muntu mwenye hana clignotant. Kusamehe mwenye anamuchekesha mbele ya batu, ile hapana.

«Leo mupite,» akasema polepole. «Wiki inakuya, kama hakuna clignotant, tukutuku inalala kwetu ku brigade.»

Na bote Likasi balijua: tukutuku yenye inalala ku brigade, inaamuka bila mapine.

Pa kufika ku nyumba njo Germain akageukia bibi yake, mama ya Carine, mutoto yabo wa kwanza.

«Mama Carine, ile mudomo yako itatuua.»

«Mudomo yangu njo inatafuta mahindi. Weye tafuta clignotant.»

Basi, muone muntu vile iko. Ulingojea Germain alie, sivyo? Hakulia. Ile mangaribi alikuwa anapiga muluzi. Tangu ponti isimame, hakuna muntu alimuomba kazi ya courant. Balikuwa banamuomba paka kusukuma, kubeba, kungojea. Sasa gendarme muzima wa Leta, wa serikali, anamuambia: fanya taa. Kwake ilikuwa sawa sirène imelia.

Asubui akaenda nyuma ya atelier, fasi ma-camion na ma-bus ya Kampani ilikuwa inaoza. Sentinelle, mulinzi ya fasi ile, alimuona, hakuamuka. Na yeye mushahara yake ilisahau njia. Ku bus yenye iliungua akatosha nyumba ya taa ine. Ku kombi moja yenye kuku ilikuwa inatagia, akatosha ile kasanduku kadogo kenye kufanya taa iwake-izime, iwake-izime. Kisha akaingia mu atelier yenyewe. Ponti ilikuwa kule juu, imenyamaza, ndege zilijenga mu kajumba ka vioo. Germain hakuangalia juu. Akafungula ile kasanduku ka chini yenye ma-boutons mbili, kushoto na kuume, yenye alifungaka na mikono yake. Akaitia mu mufuko, akatoka haraka sawa mwizi. Hapana, sawa muntu mwenye anatoka ku makaburi.

Batri aliomba ku mujirani. Ma-fil alikuwa nayo. Muntu ya courant hakosake ma-fil. Paka vioo njo vilikosa. Vya bus vilipasuka vyote, na clignotant lazima iwe rangi ya machungwa.

Siku ya mwisho mbele ya safari ya Kapolowe, Marceline akarudia ku kuteka mayi, akaingia mu nyumba, akatoka.

«Papa Carine, gobelet yangu ya kupimia bunga iko wapi?»

Germain alikuwa ameinama pa tukutuku, anajifanya hasikie.

«Papa Carine. Gobelet. Ile ya machungwa.»

«Iko hapa,» akasema.

«Wapi hapa?»

«Hapa, na hapa, na kule mbele.»

Alisha kuikata na kisu cha moto, vipande ine, muzuri kabisa, vya kukatwa sawa na rula. Marceline akaangalia ile vipande. Na ile gobelet kila muntu mu camp aliijua. Mwenye kubadirisha gobelet, batu banamuita mwizi. Akaweka ndoo chini.

«Mungu aliniona wapi,» akasema, «akanipatia mwanaume mwenye kuuza chungu juu ya kununua moto.»

Pa kumaliza, Germain akatuma batu bamuite Joachim. Joachim alikuwa pontier. Alikuwa rafiki yake tangu ujana, alimusoma taa miaka yote ile, yeye juu, Germain chini. Walijuana kupita bwana na bibi. Shingo yake ilibakia ya kuinama mbele, juu ya kuangaliaka chini kila siku. Akakuya na salopette, imefuliwa, sawa anaenda ku kazi.

«Mon vieux, simama pale mbele,» Germain akasema. «Uwe pontier.»

«Minye nilikuwa nini ingine?» Joachim akasema, akasimama mbele ya tukutuku, mikono nyuma.

Germain akabonyeza. «Kushoto!»

Taa ikawaka, ikazima, ikawaka.

«Kushoto, nimeona!»

«Kuume!»

«Kuume, nimeona! Ah, Germain! Sawa zamani!»

Banaume bazee babili, banalalamika mugongo kila siku, sasa bako sawa batoto wa komunyo ya kwanza. Bajirani bakasimama pa lupango, mu kiwanja ya nyumba. Mumoja akapiga mikono. Marceline alikuwa anakuya na besani ya sombe, majani ya muhogo, akapita karibu ya Joachim, akasimama.

«Piga tena ile ya kushoto,» akasema.

Germain akapiga.

«Papa Carine, kushoto yako ni wapi?»

«Mama Carine, usianze.»

«Nyosha mukono yako ya kushoto. Vile tu.»

Germain akanyosha, na uso ya muntu mwenye kuvumilia.

«Bon. Mukono iko huku. Na taa inawaka kule. Weye unaenda wapi, kwa mukono ao kwa taa?»

Joachim akacheka. «Mama, taa inawaka kushoto.»

«Kushoto ya nani?»

«Ya mwenye kuangalia,» banaume bote babili bakasema pamoya, sawa mu misa.

Marceline akageuka akaweka besani chini. «Mwenye kuangalia njo minye. Minye niko dereva ya camion, nakuya mbele yako. Naona taa inaniita huku. Nawaza: huyu papa anaenda huku, njia iko wazi, napita. Kumbe weye unakata kule, mbele ya pua yangu. Nikugonge ao nisikugonge?»

«Mama Carine,» Joachim akasema, «minye nilisoma ile taa miaka mingi, sikugonga muntu ata mumoja.»

«Weye ulikuwa juu, Joachim. Huku chini kuko ma-camion.»

«Weye unajua nini ya courant?» Germain akauliza. Hakupandisha sauti, akabonyeza tena bouton.

«Courant sijue. Mukono ninajua.»

«Mu jioni ile Parfait alikufa, ma-fil ilifungwa vile unataka. Vile vile! Unataka nirudishe ile taa yenye iliua muntu?»

Hapo bajirani bakarudi nyuma. Jina ya mufu haitupwake mu lupango bure. Marceline akaangalia mulume wake, akaona macho yake. Haikuwa kiburi tu. Kiburi ilikuwako, ndiyo, ya kujaza pipa. Lakini nyuma ya kiburi kulikuwa kitu kingine, mwanaume mwenye kupoteza kazi, mushahara, saa ya mukono, na sasa bibi yake anataka kumutosha ata ile maneno moja alisemaka maisha yake yote yenye ilikuwa ya kweli.

Angepigana na yeye. Angekamata ma-fil, akavute. Lakini alikuwa ametoka ku mayi, alikuwa na sombe ya kutwanga, na kesho yake njo siku ya Kapolowe. Mwanamuke anaweza kupigana na njala, anaweza kupigana na mulume. Bibili mu siku moja, hapana. Akabeba besani yake.

«Utaona,» akasema. Na ile si kusamehe. Ile ni kuchoka.

Asubui, ku barrière, gendarme alikuwa pale na kofia yake kubwa. Akazunguka tukutuku, akasimama nyuma. Nyuma, taa ilikuwa sawa, juu mwenye kukufuata anaangalia fasi moja na weye, kushoto yake na kushoto yako ni ndugu. Germain akabonyeza kushoto, kuume.

«Ah! Voilà!» gendarme akasema. Alihuzunika kidogo, ilionekana. Alisha kuwaza mapine. «Nani alikufungia?»

«Minye mwenyewe, chef. Unaona, ile ya mbele nilivusha ma-fil, juu taa ni ya mwenye...»

«Mupite, mupite. Munafunga njia.»

Sheria ilitaka taa iwake. Kama inasema bongo ao kweli, sheria haikuuliza.

Ku Kapolowe Germain alionyesha clignotant yake kwa bashemeki, bandugu ya Marceline, bakamusifu, bakamupatia pombe ya mahindi kidogo. Marceline alikuwa anachagua mahindi, anauma mbegu na meno kuona kama ilikauka. Alipata mifuko mbili ya muzuri kupita yenye alipataka mwaka ule yote. Bakafunga na kamba, Marceline akaikala juu ya mifuko, magoti mbele, mikono ku mabega ya Germain, bakaanza kurudia.

Mangaribi ilikuwa haiyafika, jua ilikuwa ingali juu. Njia ilikuwa kavu. Tukutuku ilikuwa inalia muzuri, ile ya kulia bila kukohoa. Marceline alianza kuhesabia batoto mu kichwa: huyu viatu, huyu dawa ya minyoo. Alisahau clignotant. Njo vile kuchoka inafanyaka, inakusahaulisha paka kitu chenye kinaweza kukuua.

Moulin iko ku mukono ya kushoto, mbele ya kuingia Likasi, nyuma ya nyumba moja ya malata. Ku kwetu motokari inashikaka kuume ya njia, basi lazima ukate njia ya benye kutoka mu mugini. Batu ba moulin balikuwa inje, bamama na mabesani yabo, banangojea zamu. Bakaona tukutuku inakuya, mumoja akainua mukono kumusalimia Marceline.

Ku upande ingine camion ya makala ilikuwa inatoka Likasi, mifuko imepandana mpaka juu, dereva anaimba. Jina yake Octave, muntu ya tumbo kubwa. Haikuwa muntu mubaya, na hakukunywa. Akaona tukutuku mbele. Akaona taa ya machungwa inawaka-inazima ku upande ule, upande wa majani, mbali na yeye. Akawaza: papa anaingia kule, Mungu amusaidie. Hakugusa frein, hakupunguza mwendo.

Germain aliona camion. Akapunguza kidogo, akabonyeza, akaona camion haikimbie sana. Akawaza: alisha kuona. Nilisha kumuambia. Atangojea.

Akakata kushoto.

Marceline aliona pua ya camion kubwa sawa nyumba. Alisikia Octave anapiga klaxon, kisha frein inalia. Alisukuma mabega ya Germain na nguvu yake yote, na kwa ile kusukuma, yeye akaruka huku, na Germain akaruka kule, na tukutuku ikabakia katikati peke yake. Ikaingia chini ya camion, na machuma ikavunjika na sauti ya kuumiza meno.

Kisha makala yenye kuanguka ku mufuko, moja, moja.

Marceline akaamuka mu majani. Mudomo ulipasuka, goti ilichubuka mpaka nyama, jino moja ilitikisika. Akapapasa mikono, ikatii. Akatafuta Germain na macho. Alikuwa ameikala pembeni ya goudron, lami ya njia, bega ya kuume ilishuka chini sawa koti ku musumari. Mufupa ulivunjika. Lakini alikuwa muzima, na macho ilikuwa inaangalia.

Octave akashuka ku camion, akakimbilia Germain.

«Papa! Papa, shi ulionyesha unaenda kule!»

«Nilikuonyesha kushoto,» Germain akasema.

«Ulionyesha kuume! Niliona na macho yangu, ku upande wa majani!»

«Kushoto yako. Taa ni ya mwenye kuangalia.»

«Kushoto yangu ya nini?» Octave akapiga kelele, machozi inamutoka juu ya woga. «Minye nilikuwa naenda mbele, papa! Minye sikukata kona fasi yoyote! Weye njo ulikuwa unakata!»

Germain akaangalia mukono yake ya kushoto. Batu ba moulin balikuwa banakuya mbio, bakasimama, bakamuona anaangalia ile mukono. Ku atelier, mwenye kuangalia njo alikuwa anatambula. Muntu ya chini alisimama tu. Huku ku njia, mwenye kuonyesha njo mwenye kutambula. Ilikuwa kitu kadogo vile. Alikuwa na siku yote ya kukiona, na bibi alikiweka mbele yake sawa sahani.

«Mama Carine,» akasema, sauti ndogo, «ku atelier...»

«Atelier ilikufa,» Marceline akasema.

Hakumukaribia. Alienda kwa tukutuku. Alitaka kuona, hata kama alijua. Pine ya mbele ilikunjwa mara mbili, moteri ilipasuka, mafuta ilikuwa inatoka inaingia mu goudron. Hapana kitu cha kurudisha ku nyumba, ata siège. Bamama bakangojea alie. Ku kwetu mwanamuke akipoteza kitu sawa vile, analia, bengine banamusaidia kulia. Hakulia. Alipangusa damu ku mudomo na kitenge, akaangalia chini.

Mifuko ilipasuka yote mbili. Mahindi ilimwangika ku goudron, ku majani, mu mafuta, chini ya mapine ya camion, kote. Mbegu muzuri, za manjano, kavu. Bamama bengine balisha kuinama na mabesani yabo. Mumoja alikuwa anamuokotea Marceline. Mwingine alikuwa anajiokotea yeye mwenyewe, anageuza mugongo. Marceline aliona wote, hakuuliza. Njaa haina ushemeki.

Akafungula kitenge cha juu, akatandika chini, akapiga goti, ile yenye haikuchubuka. Akaanza kuokota. Zenye ziliingia mu mafuta akaziacha. Zenye ziliguswa tu akazipangusa ku nguo.

Octave alirudisha camion yake katikati ya njia, akawasha mataa, ili motokari ingine isibakanyage. Akakuya na yeye na kofia yake, akainama, tumbo inamuzuia, anaokota. Hakuna muntu alimutuma.

Germain alibakia ameikala pembeni, anashika mukono yake ya kuume na ya kushoto. Bantu balikuwa banapita mbele yake sawa banapita mbele ya muti. Mwisho akaamuka, akatembea polepole mpaka pa kitenge, akasimama juu ya bibi yake, kivuli yake ikaangukia mahindi.

«Marceline,» akasema. Hakukuwa akimuita vile tangu mutoto wa kwanza azaliwe. «Bega ilivunjika.»

«Naona.»

«Nilikuwa nawaza...»

«Ulikuwa unawaza.»

Hakuinua kichwa. Alikuwa anachagua mawe mu mbegu, anatupa mawe nyuma. Batu benye balikuwa karibu balisema kisha, mu camp, kwamba angemuambia ata neno moja, pole, Mungu alituokoa, maneno sawa ile. Bale benye banasema vile, wiki ile balikula.

«Toka mu jua yangu,» akasema. «Inama.»

«Na mukono moja?»

«Uko nayo. Itumikishe.»

Germain akapiga magoti ku goudron ya moto, polepole, anauma meno, na mukono ya kushoto akaanza kuokota, mbegu moja, mbegu ingine, anaziweka ku pembe ya kitenge, mbali na mukono ya bibi yake.